Siri, Faragha na Amana: Taarifa Binafsi katika Rekodi za Vibali vya Maegesho ya Watumishi wa Serikali

Utangulizi

Miongoni mwa nyaraka zinazowekwa na ofisi za serikali, huenda hakuna inayodharauliwa kama daftari la vibali vya kuegesha magari. Faili ya mshahara hufungiwa kabatini na faili ya nidhamu hupigwa muhuri wa siri, lakini orodha ya watumishi walioruhusiwa kuegesha magari yao uani aghalabu hubandikwa ukutani katika kibanda cha bawabu. Dharau hiyo ina mantiki yake. Jina la mtumishi linajulikana na wenzake wote. Gari lake linaonekana barabarani kila siku. Nambari ya usajili imeandikwa kwa herufi kubwa, mbele na nyuma, kwa amri ya sheria yenyewe. Kuna nini basi cha kulindwa?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza mfano wa Marekani, nchi ambayo tangu miaka ya 1970 imezilazimisha idara za serikali yake kuu kuutangazia umma kila mkusanyo wa kumbukumbu za watu zinaouweka, kumbukumbu za vibali vya maegesho zikiwemo. Hoja inayoendelezwa ni kwamba mazungumzo ya Kiswahili kuhusu jambo hili yamekuwa yakikwazwa na neno moja, nalo ni siri. Kiswahili kina maneno mengine mawili, faragha na amana, yanayolieleza jambo lenyewe kwa usahihi mkubwa zaidi. Kwa kuwa Kenya na Tanzania sasa zina sheria za kulinda taarifa za watu, uteuzi wa maneno haya una athari kwa fomu ambazo raia wanapewa kujaza, na kwa hivyo unamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili.

Fomu Inauliza Nini, na kwa Nini

Kitenzi egesha kimezoeleka sana kwa vyombo vya majini. Nahodha huegesha chombo chake gatini, naye bandarini haegeshi kabla ya kuulizwa ametoka wapi na amebeba nini. Uani mwa ofisi hali ni iyo hiyo, ila maswali ni mengi kuliko mtu anavyotarajia.

Nchini Marekani, na hasa jijini Washington, nafasi za kuegesha katika majengo ya serikali ni chache kuliko magari ya wafanyakazi. Penye uchache sharti pawe na mgao, na mgao hauwezi kufanywa bila kuuliza. Kanuni za usimamizi wa majengo ya serikali kuu zimeweka utaratibu wa nani atangulizwe. Baada ya magari ya kazi na ya wageni kutengewa nafasi zao, zilizosalia hugawiwa watumishi: wenye ulemavu mkubwa hutangulia, kisha wakuu pamoja na wale wanaofanya kazi saa zisizo za kawaida, kisha wanaosafiri pamoja katika gari moja, na wengine hufuata. Ni utaratibu wa haki na wa busara. Anayetembea kwa shida asiachwe mbali na mlango, na watu wanne waliokubaliana kutumia gari moja wastahili nafasi kabla ya mmoja aliyekuja peke yake.

Hata hivyo, kila ngazi ya utaratibu huo huzaa swali katika fomu. Ili mtu atangulizwe kwa sababu ya ulemavu, lazima autaje na pengine authibitishe kwa cheti cha daktari. Ili ahesabiwe kuwa hufanya kazi saa zisizo za kawaida, lazima aeleze huingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Wanaosafiri pamoja hutakiwa kuandika majina yao wote, ofisi zao, na mara nyingi anwani za nyumbani, ili ibainike kwamba kundi hilo ni la kweli na halikuundwa kwenye karatasi tu kwa ajili ya kujipatia nafasi. Juu ya hayo yote kuna nambari ya simu, aina ya gari na rangi yake.

Daftari lililoanza kuwa la magari sasa limekuwa daftari la maradhi, la saa na la ujirani. Anayelisoma anaweza kujua ni nyumba ipi haina mtu usiku wa Jumanne, ni mwanamke gani hutoka kazini saa nne za usiku na kuelekea gari la rangi gani, na ni nani anayeishi karibu na nani. Hakuna idara iliyokusudia kuandika hayo. Yamejikusanya yenyewe, swali moja baada ya jingine, na kila swali lilikuwa na sababu yake nzuri.

Siri Si Faragha

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wanapotakiwa kueleza ulinzi wa taarifa binafsi, hukimbilia neno siri. Husemwa kwamba taarifa hizi ni za siri, au kwamba mtumishi ana haki ya siri zake. Neno hilo lina uzito wake na lina methali zake: siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini siri ina sifa moja inayolifanya lisitufae hapa. Siri huwa ama imefichika ama imefichuka. Jambo likishajulikana na watu watatu wanne, husemwa kuwa si siri tena, na aliyelitaja halaumiwi. Kwa kipimo hicho, daftari la maegesho halina siri hata moja. Karani anayeliacha wazi juu ya meza ana jibu lililo tayari: nambari ya gari hii kila mtu anaiona, kwani nimefichua nini?

Faragha ni neno la namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, ambamo shina lake hubeba maana ya uwazi wa nafasi, utupu, hali ya kutoshughulishwa. Katika matumizi ya Kiswahili, wazee wawili wakitaka kuteta husemwa wamekwenda faragha. Ukumbi mzima umewaona wakiinuka. Kila mtu anajua walipo, na pengine wanayoyazungumza yanakisiwa. Hawajajificha. Wasichonacho waliobaki ni ruhusa ya kusogea karibu. Faragha basi ni umbali ambao jamii inakubali kumwachia mtu, na umbali huo unaweza kuvunjwa hata pale ambapo hakuna kilichokuwa kimefichwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani imewahi kufikia maana inayokaribiana sana na hii, bila shaka pasipo msaada wa Kiswahili. Mwaka 1989 iliamua kesi kati ya Wizara ya Haki na kamati moja ya kutetea uhuru wa wanahabari. Waandishi walidai kupewa orodha ya makosa ya mtu iliyowekwa na idara ya upelelezi, wakisema kwamba kila kosa lililoorodheshwa lilikuwa tayari limeandikwa katika mahakama fulani ya wazi. Mahakama ilikataa. Ilieleza kwamba kuna tofauti kubwa kati ya karatasi zilizotawanyika katika vituo vya polisi na mahakama za nchi nzima, na muhtasari mmoja uliokusanywa mahali pamoja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1994, vyama vya wafanyakazi viliomba anwani za nyumbani za watumishi wa serikali. Mahakama ilikiri kwamba anwani nyingi za aina hiyo hupatikana kwa njia nyingine, lakini ikashikilia kwamba hilo halimwondolei mtumishi haki ya kutosumbuliwa nyumbani kwake, na anwani hazikutolewa.

Hukumu ya 1994 ndiyo iliyo karibu zaidi na daftari letu, kwani inahusu watumishi wa serikali na mahali wanapolala. Nayo ya 1989 inaeleza kwa nini mkusanyo ni kitu tofauti na vipande vyake. Jina peke yake halina madhara, wala gari peke yake, wala saa ya kutoka kazini. Vikikaa katika mstari mmoja wa daftari moja, huwa ramani ya kumfikia mtu.

Kwamba ramani hiyo yaweza kuua si maneno ya kutisha watu. Mnamo Julai 1989, mwigizaji Rebecca Schaeffer alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake jijini Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatafuata kwa muda mrefu. Muuaji aliipata anwani yake kupitia mpelelezi wa kulipwa, naye mpelelezi aliitoa katika rekodi za idara ya magari ya jimbo la California. Rekodi hizo hazikuibwa. Wakati huo zilikuwa zinatolewa kwa anayeomba. Kifo hicho kilichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1994 ya kulinda faragha ya madereva, ambayo inayakataza majimbo kutoa taarifa binafsi zilizomo katika rekodi za magari isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo kuwa halali.

Kisa kingine ni kidogo na karibu kichekeshe, lakini kina mafunzo kuliko kikubwa. Katika mji wa Palatine, jimbo la Illinois, polisi walikuwa na desturi ya kuchapa ilani ya faini ya maegesho na kuibana kwenye kioo cha mbele cha gari. Juu ya karatasi hiyo palichapwa jina kamili la mwenye gari, anwani, nambari ya leseni ya udereva, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kimo na uzani. Karatasi ingeweza kukaa hapo usiku kucha, na yeyote apitaye angeweza kuisoma. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ya eneo hilo iliamua kwamba kuiweka karatasi hiyo juu ya gari ni kufichua, hata kama haikuthibitishwa kwamba kuna mpita njia aliyeisoma. Ni kweli kwamba mwaka 2015 mahakama iyo hiyo iliupa mji huo ushindi, kwa kuridhika kwamba ulikuwa na sababu zinazokubalika kisheria za kuchapa taarifa hizo. Hata hivyo, kanuni ya 2012 haikufutwa: anayeacha mlango wazi amefungua, apite mtu au asipite.

Karani kama Mwosha

Iwapo faragha inaeleza haki ya mwenye taarifa, ni neno gani litakaloeleza wajibu wa aliyepewa? Hapa ndipo amana inapoingia, na pengine ndipo Kiswahili kinapokuwa na utajiri kuliko lugha zilizotuletea sheria hizi.

Katika maisha ya Waswahili, aliyewekewa amana hana milki juu yake. Akiachiwa mkufu na jirani anayesafiri, hauvai kwenda nao harusini, japo harusi iwe ya siku moja tu na mkufu urudi mzima. Hauazimi kwa mtu wa tatu. Kosa lake halingojei hasara. Linaanza pale anapoutumia kwa lisilokusudiwa. Methali nayo husema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona asiyoyaona mwingine, na huyaona kwa sababu kazi haiwezi kufanyika bila kuyaona. Sharti la kazi yake ni kwamba aliyoyaona yanaishia pale. Karani wa vibali vya maegesho ni mwosha wa aina yake: ameonyeshwa cheti cha daktari ili agawe nafasi, na nafasi ikishagawiwa cheti hicho hakina kazi nyingine.

Sheria ya Faragha ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 31 Desemba 1974, inaweza kusomwa kama jaribio la kuiandika amana katika vifungu. Ilizaliwa katika kivuli cha kashfa ya Watergate, na pia kutokana na ripoti ya kamati ya serikali ya mwaka 1973 iliyoonya kuhusu kompyuta na haki za raia. Inazitaka idara za serikali kuu zikusanye yale tu yanayohitajika kwa kazi zao halali. Inazikataza kumpa mtu mwingine kumbukumbu bila idhini ya maandishi ya mhusika, isipokuwa kwa sababu zilizoorodheshwa. Inampa mhusika haki ya kuona alichoandikiwa na kudai kirekebishwe. Tena, kabla ya kuanzisha mkusanyo wowote, idara hutakiwa kuchapisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali, Federal Register, likieleza mkusanyo uko wapi, unahusu watu gani, una taarifa gani, nani anaweza kupewa, utahifadhiwaje na kwa muda gani, na ni afisa yupi anayewajibika. Ndiyo maana raia wa Marekani anaweza kusoma tangazo kamili, lenye vifungu na vijifungu, kuhusu fomu za kuegesha magari za wizara fulani. Ni usomaji mkavu, lakini hakuna bawabu anayeweza kusema hakujua.

Sheria hiyo ina jambo moja ambalo mwanafunzi wa lugha atalifurahia. Haiulizi karatasi ina nini tu. Inauliza pia hutafutwaje. Kumbukumbu zinaingia chini ya matangazo hayo pale zinapotafutwa kwa jina la mtu au kwa alama inayomtambulisha. Fomu mia tatu zilizorundikwa kwa kufuata tarehe, zisizotafutwa kwa jina, ziko nje ya masharti mengi ya sheria. Zikipangwa kwa alfabeti ya majina na kutafutwa hivyo, zimeingia. Kipimo hiki kilikuwa na maana katika enzi za makabati ya chuma. Katika enzi za kompyuta, ambapo neno lolote laweza kutafutwa kwa sekunde, kinaonekana kuchakaa.

Kasoro kubwa zaidi iko katika kile kinachoitwa matumizi ya kawaida. Idara inaruhusiwa kutoa taarifa kwa wengine iwapo matumizi hayo yanapatana na lengo la ukusanyaji na yametangazwa. Neno kupatana ni pana, na idara nyingi zimejiandikia orodha ndefu za matumizi ya kawaida ambazo hurudiwa neno kwa neno katika tangazo baada ya tangazo. Daftari la maegesho basi linaweza kwenda kwa polisi, mahakamani, kwa mbunge aliyeombwa msaada na mhusika, au kwa kampuni iliyopewa zabuni ya kuendesha maegesho. Mkufu wa jirani unaanza kuonekana shingoni mwa watu wengi.

Fidia nayo ni finyu. Afisa anayetoa taarifa kwa makusudi huku akijua ni marufuku anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 5,000. Aliyedhurika anaweza kushtaki, lakini mwaka 2004 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni lazima athibitishe hasara halisi kabla ya kulipwa hata kile kiwango cha chini cha dola 1,000, na mwaka 2012 ikaongeza kwamba hasara hiyo ni ya fedha, si ya fadhaa ya moyo. Mantiki ya amana ingetoa hukumu tofauti. Mwenye mkufu hatakiwi kuthibitisha kwamba umekatika.

Upande wa muda, sheria na desturi za kumbukumbu nchini humo zilikuwa na busara inayostahili kuigwa. Kwa miaka mingi, ratiba ya jumla ya kumbukumbu za serikali ilielekeza kwamba vibali kama vile vitambulisho na vibali vya maegesho viharibiwe miezi 3 baada ya kurudishwa. Amana iliyokwisha kazi hurejeshwa au huondolewa. Haiachwi darini ingoje panya na wezi.

Wezi wenyewe hawahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mwezi wa Mei 2006, kompyuta ndogo na vifaa vyenye taarifa za wanajeshi wastaafu milioni 26.5 viliibwa nyumbani kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa amevibeba kwenda navyo. Mwaka uliofuata idara zote ziliagizwa kupunguza matumizi yasiyo ya lazima ya nambari ya hifadhi ya jamii, nambari ambayo Mmarekani hufungulia akaunti na kulipia kodi, na ambayo hapo awali iliombwa katika fomu za kila aina. Mwaka 2015 ikabainika kwamba rekodi za uchunguzi wa watu milioni 21.5 zimechukuliwa na wadukuzi kutoka katika ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu. Kisichokusanywa hakiibwi.

Huku Kwetu: Data au Taarifa?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamlinda kila mtu dhidi ya mambo ya familia yake au ya faragha kufichuliwa pasipo sababu. Wachambuzi wengi huishia hapo. Kifungu hicho kina neno jingine linalotangulia kufichua: kinamlinda mtu pia dhidi ya kutakiwa kuyatoa mambo hayo bila ulazima. Kwa hivyo, katika sheria kuu ya Kenya, swali lenyewe laweza kuwa kosa hata kabla ya jibu kuandikwa. Fomu ya maegesho inayomwuliza mtumishi hali yake ya ndoa imekosa tayari.

Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, ilijenga juu ya msingi huo na kuanzisha Ofisi ya Kamishna wa Data. Ni pana kuliko ya Marekani kwa kuwa inazifunga ofisi za umma na kampuni za kibinafsi kwa pamoja. Aidha, imezitaja taarifa za afya, za familia na hata za mali kuwa nyeti. Serikali yenyewe haikusazwa: mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa Huduma Kadi ulipaswa kutanguliwa na tathmini ya athari zake kwa ulinzi wa data. Pamoja na hayo yote, anayeingia katika majengo mengi ya Nairobi bado hupewa daftari kubwa langoni aandike jina, nambari ya kitambulisho, simu na nambari ya gari, huku akiyasoma kwa utulivu ya waliomtangulia. Kama mahakama iliyoamua kesi ya Palatine ingelikalia jambo hilo, isingekosa la kusema.

Nchini Tanzania sheria inayolingana na hiyo ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo imewapa watekelezaji wake majina ya Kiswahili: mkusanyaji na mchakataji. Wakenya wanaoandika kwa Kiswahili hutumia zaidi neno data. Tofauti hii isionekane kuwa ya mazoea ya mipaka tu. Data ni neno baridi. Lina sura ya tarakimu zilizo peke yake, zisizo na mwenyewe. Taarifa huwa na mtoaji na mpokeaji, na swali la nani amempa nani limo ndani ya neno. Binafsi nalo linabeba nafsi waziwazi. Panapozungumzwa wajibu, makala haya yanaona kwamba taarifa binafsi lafaa kupendelewa hata nchini Kenya, na data liachiwe mafundi wa mitambo.

Ilani ya Fomu na Sarufi Yake

Sheria ya Marekani inataka kila fomu ieleze ni mamlaka gani yanayoruhusu maswali, lengo lake, nani ataona majibu, na litakalotokea mtu asipojibu. Sheria ya Kenya ya 2019 nayo inamtaka anayekusanya amjulishe mhusika mambo ya namna hiyo kabla ya kukusanya. Kiswahili kikiwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya, ilani hiyo inastahili kupatikana kwa Kiswahili kinachoeleweka. Rasimu ifuatayo inapendekezwa kwa ofisi ya umma yoyote inayotoa vibali vya maegesho:

Ofisi ya Utawala inakuomba taarifa hizi ili ikupe kibali cha kuegesha gari lako katika uwanja wa jengo hili. Ni lazima ujaze jina lako, idara yako na nambari ya gari. Bila hizo hatuwezi kutoa kibali. Si lazima ueleze hali ya afya yako, ila ukitaka nafasi iliyo karibu na mlango kwa sababu ya ulemavu, utamwonyesha afisa wa maegesho cheti chako, naye atakurudishia bila kukinakili. Walinzi wa lango wataona nambari ya gari na nambari ya kibali peke yake. Hatutampa mtu mwingine taarifa zako bila idhini yako, isipokuwa mahakama au sheria itulazimishe. Ukirudisha kibali, tutaiharibu fomu hii baada ya miezi 3. Waweza kuja wakati wowote kuona tulichokuandikia na kutaka tukirekebishe. Tukizipoteza taarifa zako au zikitoka mikononi mwetu, tutakujulisha.

Msomaji atagundua kwamba rasimu hii imeikwepa karibu kabisa kauli ya kutendwa, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sajili ya kiofisi tunayofundishwa madarasani. Fomu ya kawaida ingesema: taarifa zitahifadhiwa na zitatumika inavyostahili. Kiambishi -w- katika zitahifadhiwa kinamruhusu mtenda asitajwe, na zitatumika, ambayo ni kauli ya kutendeka, inamwondoa kabisa, kana kwamba taarifa hujitumia zenyewe. Katika sentensi hiyo hakuna wa kuulizwa. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, tu-, kinamrudisha mtenda mahali pake, na cha nafsi ya pili, -ku-, kinamkumbusha mwandishi kwamba kuna mtu anayesoma.

Jambo hili linajitokeza vikali zaidi mambo yanapoharibika. Kila aliyewahi kufuatilia haki yake katika ofisi ya umma anaijua sentensi faili imepotea. Kisarufi haina dosari: faili ni kiima, na kitendo kimekamilika. Lakini faili haina miguu. Ndiyo sababu sentensi ya mwisho ya rasimu imeandikwa kwa kitenzi poteza, chenye kiambishi cha nafsi mwanzoni, na ndiyo sababu afisa atakayeitia saini huenda akaomba ibadilishwe.